Leptis Magna na zawadi iliyogeuka kodi

Dada mmoja alifunga safari kutoka Afrika kwenda Roma kumwona kaka yake. Kaka alikuwa Kaisari. Alipofika ikulu ikabainika kwamba Kilatini chake ni cha kuokoteza, na kila alipofungua mdomo kaka mtu aliona haya mbele ya wakubwa. Basi akamtunza: mtoto wa dada akapewa cheo cha useneta, dada mwenyewe akapewa zawadi tele, kisha akaambiwa arudi zake nyumbani.

Kisa hiki kimo katika wasifu wa Septimius Severus, Kaisari wa kwanza kuzaliwa Afrika, aliyetawala Dola la Roma kuanzia mwaka 193 hadi 211. Aliyeuandika wasifu huo aliishi muda mrefu baada ya mambo yenyewe na anajulikana kwa kutia chumvi, kwa hiyo mimi simwapii. Lakini kila nikisoma habari za mji aliozaliwa Severus, Leptis Magna, namkumbuka yule dada. Mji nao ulikumbatiwa, ukavikwa marumaru, ukasifiwa. Bili ilikuja baadaye, na aliyeukumbatia hakuwapo tena.

Leptis iko pwani ya Libya ya leo, jirani na Al-Khums, kilomita 120 hivi mashariki ya Tripoli. Mitandaoni picha zake huzunguka na maelezo yaleyale: maajabu ya Warumi barani Afrika. Utaona tao la Severus lenye nyuso nne, ukumbi wa maigizo unaotazama bahari, vichwa vya Medusa vyenye nywele za nyoka. Mtazamaji huondoka akiamini kwamba Warumi walifika mahali patupu, wakashika chepe, na mji ukaota. Upande wa pili wako wanaoshangilia kwamba Mwafrika aliwahi kuitawala Roma, wakaishia hapo, kana kwamba kuwa na mtu wetu juu ni jibu linalojitosheleza. Wote wawili wanaupita mji wenyewe bila kuuangalia. Ukitaka kuielewa Leptis, achana kwanza na marumaru. Fuata mafuta.

Walioanzisha mji ni Wafoinike, mabaharia wa pwani ya Lebanoni ya leo, yapata karne ya 7 KK, kwenye mdomo wa korongo liitwalo leo Wadi Lebda. Wao waliliandika jina la mji kwa herufi Lpqy, na wenyeji waliendelea kuandika Lepcis hata walipotumia Kilatini. Ile "t" ni ya wageni. Karthago, mji mkubwa wa Wafoinike uliokuwa Tunisia ya leo, ulipotamba, Leptis ilikuwa chini yake. Mwanahistoria Livy anaandika kwamba mji huo ulilipa Karthago talanta moja kwa siku. Talanta ni kiasi cha kilo 26 za fedha. Hata kama malipo hayo yalikuwa ya ukanda mzima wa pwani ile, kama baadhi ya wasomi wanavyodhani, huwezi kumkamua fedha za namna hiyo kila kukicha mtu asiye na kitu.

Kilichokuwepo ni mizeituni. Nyuma ya mji, kusini, ardhi inapanda kuelekea milima ya Tarhuna na Msellata, ambako mvua hutosha kwa mti usiodai mengi. Huko yapo hadi leo mabaki ya vinu vya kushindika mafuta: miamba miwili imesimamishwa wima, wa tatu umelazwa juu kama kizingiti. Msafiri mmoja wa Kiingereza aliyepita mwishoni mwa karne ya 19 aliyatazama akaamini ni mahekalu ya kale, akaandika kitabu kizima. Kumbe ni viwanda. Shamba moja tu, Senam Semana, lina vinu 17 vilivyopangwa safu. Huyo si mkulima anayetafuta mafuta ya kukaangia. Huyo anauza ng'ambo.

Warumi nao waliujua utajiri huo, na namna walivyoujua si ya heshima. Mwaka 46 KK Julius Caesar alimaliza vita vyake vya Afrika dhidi ya wapinzani wake na mshirika wao Mfalme Juba wa Numidia. Waliokuwa upande ulioshindwa wakatozwa faini. Watu wa Leptis walitozwa pauni milioni 3 za Kirumi za mafuta ya zeituni kila mwaka. Wapo wanaohoji kama ni Leptis hii au ile ndogo iliyokuwa Tunisia ya leo, lakini wengi wanaisoma kuwa ni hii. Kwa vipimo vyetu ni karibu tani 1,000, yaani malori ya tangi 35 hivi ya lita 30,000 kila moja, mwaka hadi mwaka. Wakati huo hakuna Mrumi aliyekuwa amejenga lolote Leptis. Hapakuwa na tao, wala bafu, wala ukumbi wa maigizo. Mafuta yalikuwepo.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa kizuri kuliko yote katika historia ya mji huu, kuliko hata basilika ya Severus, lile jumba la mahakama na mikutano. Chini ya Kaisari Augustus mji ulianza kujijenga. Nasema kujijenga kwa makusudi. Mwaka 8 KK soko jipya lilizinduliwa, na jina lililoandikwa pale ni la Annobal Tapapius Rufus. Annobal ndilo jina tunalolijua kama Hannibal, lile la jemadari wa Karthago aliyevuka Alps na ndovu kwenda kuitia Roma kiwewe. Miaka mia mbili baadaye Hannibal mwingine anajenga soko chini ya amani ya Roma, na hajaona sababu ya kulificha jina. Mwaka wa 1 au wa 2 BK bwana huyohuyo akajenga ukumbi wa maigizo. Maandishi yake yanasema aliujenga kwa pesa zake mwenyewe, yakamwita mpambaji wa nchi yake na mpenda maelewano. Yamechongwa kwa Kilatini, na chini yake kwa Kipuniki, lugha ya nyumbani. Kati ya vyeo vyake, viwili vimekaa kwa mpigo: kuhani wa ibada ya Augustus, na sufeti, yaani mmoja wa mahakimu wakuu wawili kwa desturi ya Wafoinike.

Katika soko lile kuna jiwe ambalo kwangu lina thamani kuliko Medusa wote. Ni jiwe la vipimo. Limechongwa mistari mitatu ya urefu: dhiraa ya Kipuniki, futi ya Kirumi, na dhiraa iliyotumika Misri. Mfanyabiashara wa kitambaa anapokuja na kipimo chake, hapigwi marufuku wala haambiwi ajifunze cha wakubwa; anaoneshwa jiwe, biashara inaendelea. Mji ule ulikuwa unatawaliwa na Roma, lakini ulijua kuweka kipimo cha mtawala pembeni ya vipimo vingine, kama kimojawapo.

Hayo ndiyo makubaliano yalivyokuwa kwa karibu miaka mia mbili. Roma ilipata utulivu na mafuta. Matajiri wa Leptis walipata bahari isiyo na maharamia, sheria ya kulinda mashamba yao, na ngazi ya kupanda. Wakati wa Kaisari Vespasian mji ulipandishwa hadhi, nao ukaendelea kuwachagua masufeti wake kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwaka 109 Kaisari Trajan akaufanya koloni, hadhi ya juu ya mji wa Kirumi, na raia wake huru wakawa raia wa Roma. Uwanja wa michezo uliochimbwa kwenye mwamba mwaka 56 ulitosha watazamaji wapatao 16,000. Bwana mmoja, Quintus Servilius Candidus, alivuta maji mjini kwa gharama yake mwaka 120, na bila maji hayo mabafu makubwa ya wakati wa Hadrian yasingejengeka.

Sisemi ilikuwa pepo. Aliyeshindika mafuta hana jina kwenye jiwe lolote. Mtumwa na kibarua wa Tarhuna hawakupata tao. Mwaka 70 hivi Leptis na jirani yake Oea, ambayo leo ni Tripoli, zilifikia kupigana vita kamili, na mwanahistoria Tacitus anatuambia chanzo: wakulima kuibiana mazao na mifugo. Oea ikawaita Wagaramante kutoka jangwani, Leptis ikazingirwa, mashamba yakateketea, hadi jeshi la Roma lilipokuja kuwaamua.

Na wakubwa wa mji walikuwa na mchezo wao. Mwaka 100, mbele ya Seneti ya Roma na Trajan mwenyewe akiwa mwenyekiti, alishitakiwa Marius Priscus, aliyekuwa liwali wa Afrika. Waendesha mashitaka walikuwa wawili, Tacitus huyohuyo na rafiki yake Pliny, ambaye alisimulia kesi nzima katika barua. Ilidaiwa kwamba tajiri mmoja, Flavius Marcianus, alimlipa liwali sarafu za Kirumi, sesterse 700,000, ili mtu mmoja, raia wa Roma wa tabaka la juu, apigwe marungu, apelekwe migodini, kisha anyongwe gerezani. Yalifanyika yote. Msaidizi wa liwali naye, kama hesabu za Marcianus na hotuba katika baraza la Leptis zilivyothibitisha, alipanga dau lake, na juu yake akachukua sesterse 10,000 zilizoandikwa kuwa ni za marashi. Pliny anakereka na hilo jina kuliko na fedha yenyewe. Sisi tunaoombwa "ya chai" barabarani tunamwelewa vizuri. Kila nchi ina kinywaji au manukato yake.

Bado, katika dhambi zote hizo, fedha zilikuwa za mji. Ziliibwa na watu wa mji, zikajenga majengo ya mji, na aliyetaka sifa alilazimika kutoa mfukoni mwake. Zingatia hilo, maana ndilo lililobadilika.

Septimius Severus alizaliwa Leptis tarehe 11 Aprili mwaka 145. Ukoo wa baba yake ulikuwa wa Kipuniki, umepata mali na majina ya Kilatini vizazi kadhaa nyuma. Miaka hamsini kabla, mshairi wa Roma aitwaye Statius alimwandikia Septimius Severus mwingine wa mji huohuo, ambaye wengi wanaamini alikuwa babu yake, akimsifu hivi: usemi wako si wa Kipuniki, wala mavazi yako, akili yako si ya kigeni, wewe ni Mtaliano, Mtaliano! Akarudia neno mara mbili. Sifa ya namna hiyo ina mwiba ndani, kwani hakuna anayemwambia Mtaliano halisi kwamba anafanana na Mtaliano. Na mjukuu, wasifu unadai, alibaki na lafudhi ya Afrika hadi uzeeni.

Swali la mitandaoni, kama alikuwa mweusi, nitalipitia haraka. Kuna picha ya rangi, imechorwa juu ya ubao nchini Misri na sasa iko Berlin, inayomwonesha akiwa na ngozi ya kahawia, mkewe Julia Domna wa Syria pembeni, na watoto wawili, mmoja wao uso umefutwa. Baba alitoka ukoo wa Kipuniki, mama ukoo wenye asili ya Italia. Warumi walimcheka kwa lugha, si kwa ngozi. Zaidi ya hapo ni sisi tunaobishana wenyewe kwa wenyewe.

Aliutwaa ukaisari mwaka 193 kwa nguvu ya majeshi ya mto Danube, akawamaliza washindani wake mmoja baada ya mwingine, na nyumbani kwao kukafunguka milango. Mwenzake wa Leptis, Fulvius Plautianus, akawa mkuu wa walinzi wa Kaisari na mtu wa pili kwa nguvu katika dola zima, hadi alipouawa mwaka 205. Mji ukapewa haki ya Italia, yaani ardhi yake ikasamehewa kodi kana kwamba iko ndani ya Italia. Kisha ujenzi ukaanza. Uwanja mpya wa mji wa mita 100 kwa 60 hivi, umezungukwa na nguzo na Medusa. Basilika kubwa ubavuni mwake, ambayo mwanawe Caracalla aliizindua mwaka 216. Barabara ya nguzo kuelekea baharini, chemchemi ya mapambo yenye ghorofa, bandari yenye magati, maghala na mnara wa taa. Graniti ilitoka Aswan, Misri. Marumaru ilitoka kisiwa cha Prokoneso kwenye bahari iitwayo leo Marmara, jina ambalo limetoka kwenye neno lilelile lililotuletea sisi "marumaru" kupitia Kiarabu.

Ni kazi nzuri, sikatai. Kwenye nguzo za basilika wamechongwa Dionysus na Hercules, ambao kwa wenyeji walikuwa Shadrapa na Milkashtart, miungu ya mji tangu enzi za Wafoinike. Mtoto wa nyumbani hakusahau wakubwa wa nyumbani.

Lakini linganisha na Annobal. Soko la Annobal lilijengwa kwa mawe yaliyochimbwa karibu, na tajiri aliyekuwa akikutana kila siku na wanunuzi wa hapo. Uwanja wa Severus ulijengwa kwa jiwe la ng'ambo na fedha ya dola, kwa kipimo cha mtu aliyekuwa akiwaonesha Warumi kwamba kwao nako ni kwao. Bandari ni mfano ulio wazi. Ilikaa palepale kwenye mdomo wa korongo, na korongo huleta mchanga kila mvua inaponyesha. Usalama wake ulitegemea bwawa lililojengwa juu kugeuza maji. Kitu kama hicho hudumu mradi kuna mtu wa kukitunza mwaka hadi mwaka. Leo ukienda, bandari ya Kaisari ni kiwanja cha majani na udongo.

Sasa turudi kwenye mafuta. Severus aliwaanzishia watu wa jiji la Roma mgao wa mafuta ya bure. Mafuta hayo hayakudondoka kutoka mbinguni. Watu wa Tripolitania, yaani Leptis na jirani zake Oea na Sabratha, kwa furaha ya kuwa na mwana wa nyumbani kwenye kiti, walijitolea kupeleka mafuta Roma. Mwandishi Aurelius Victor ndiye aliyetuachia habari hii, na anaisimulia kwa uchungu: kilichotolewa kwa Severus kama zawadi kwa ndugu, waliomfuata wasio na shukrani wakakigeuza kuwa kodi ya kuangamiza. Iliendelea hadi Kaisari Constantine alipoifuta, zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara narudi kwenye hesabu moja. Mji ulisamehewa kodi ya ardhi, kitu chenye kiwango, chenye daftari, ambacho unaweza kukikatia rufaa. Badala yake ukaingia kwenye zawadi, ambayo haina kiwango wala rufaa. Utamwambiaje mtu umechoka kumpenda? Severus alifia York, Uingereza, tarehe 4 Februari 211. Caracalla akamuua mdogo wake Geta kabla mwaka haujaisha. Yule mtoto aliyefutwa uso kwenye picha ya Berlin ndiye yeye. Mwaka 235 ukoo ukakatika kabisa. Hakuna Kaisari aliyefuata ambaye alikuwa mtoto wa Leptis. Mafuta yaliendelea kwenda. Faini ya Caesar ilikuwa adhabu ya waliofanya kosa, na zawadi kwa Severus ilikuwa malipo ya waliobarikiwa, na sioni kama mkamuaji wa Tarhuna aliweza kuzitofautisha.

Kuna atakayenijibu kwamba naonea. Mitetemeko ya ardhi ilipiga mwanzoni mwa karne ya 4 na tena mwaka 365, biashara ya dola zima ilidorora, makabila ya jangwani yakapata nguvu. Severus ana kosa gani hapo? Ni kweli. Hata miji isiyokuwa na mtu ikulu iliumia. Na wakati Kaisari Diocletian alipogawa upya majimbo, Leptis ilifanywa makao makuu ya jimbo jipya la Tripolitania, kwa hiyo haikuwa imetupwa. Ninachosema ni kingine: mji uliokuwa umezoea kujisimamia ulifundishwa kusubiri neno la juu, na siku neno hilo lilipohitajika kuliko siku zote, halikuja.

Siku hiyo ilikuwa mwaka 363 au 364. Ammianus Marcellinus ameisimulia kwa kirefu, na nakuhakikishia hutaona tofauti kubwa na gazeti la juzi. Waaustoriani, kabila la jangwani, walishuka wakachoma mashamba ya Leptis na kuua wakulima. Wenyeji wakamwomba msaada Romanus, kamanda wa jeshi la Afrika. Akaja na askari, akasema atapigana mkimpa chakula tele na ngamia 4,000. Watu waliochomewa mashamba jana watapata wapi ngamia 4,000? Romanus akakaa siku 40 akijifanya anapanga, kisha akaondoka na jeshi lake bila kurusha mkuki.

Baraza la jimbo likatuma wajumbe wawili kwa Kaisari Valentinian, wamebeba sanamu za dhahabu za pongezi na malalamiko yao. Romanus alikuwa na jamaa yake ikulu, mkuu wa watumishi aitwaye Remigius, aliyekuwa akila naye. Malalamiko yakaingia kwenye faili na faili likalala. Wavamizi wakarudi mara ya pili, wakarudi mara ya tatu, wakauzingira mji siku nane. Mkubwa mmoja wa mji, Mychon, alikamatwa nje ya kuta, akajitupa kwenye kisima kikavu akijaribu kutoroka, akavunjika mbavu. Mkewe akamkomboa kwa fedha; akavutwa juu ya ukuta kwa kamba, akafa baada ya siku mbili.

Hatimaye Kaisari akamtuma mchunguzi, Palladius, ambaye pia alibeba mishahara ya askari. Romanus aliwaambia maofisa wake wamkatie Palladius sehemu ya mishahara hiyo, naye akaipokea. Kisha Palladius akaenda Leptis, ambako Erechthius na Aristomenes, watu wawili wenye heshima, walimzungusha na kumwonesha majivu. Akarudi amewaka, akamwambia Romanus kwamba Kaisari atayajua yote. Romanus akamjibu kwa upole: nami nitamweleza kuhusu mishahara. Wakapatana. Ripoti iliyofika kwa Valentinian ilisema watu wa Tripolitania wanalalamika bure.

Hukumu ikafuata mkondo wa ripoti. Walalamikaji kadhaa wakauawa, na Ruricius, liwali wa jimbo aliyethubutu kuandika ukweli, akauawa pamoja nao kwa kosa la kusema uongo. Erechthius na Aristomenes wakaamriwa kukatwa ndimi. Walipopata habari wakatoroka wakajificha. Ni miaka kadhaa baadaye, jemadari Theodosius alipopekua karatasi za Romanus, ndipo ilipopatikana barua iliyotaja kwamba Palladius aliondolewa kazini kwa kumdanganya Kaisari katika jambo la Tripolitania. Palladius akajinyonga. Remigius naye akajinyonga. Wawili wa ndimi wakatoka mafichoni, ndimi zikiwa salama vinywani, wakamsimulia Kaisari mpya, Gratian. Ammianus anaeleza haya yote kwa hasira ya mtu aliyekuwa askari. Mashamba yalikuwa yamekwisha ungua.

Yaliyobaki ni ya haraka. Karne ya 5 Wavandali wakaitwaa pwani ile na kubomoa kuta. Karne ya 6 Justinian akairudisha kwa Roma ya Mashariki, na mwandishi wake Procopius anatuambia kwamba sehemu kubwa ya Leptis ilikuwa imefukiwa na mchanga. Kaisari akajenga ukuta mdogo kuliko wa zamani, mchanga akauacha. Basilika ya Severus ikageuzwa kanisa. Mwaka 543 au 544 liwali Sergius aliwakaribisha karamuni, mjini humo, wajumbe 80 wa kabila la Laguatani, wakauawa 79. Karne iliyofuata Waarabu walipofika, mji wenyewe ulikuwa mdogo, na baada ya karne chache ukabaki mchanga na kondoo.

Mchanga uliua mji, mchanga ukautunza. Na waliokuja kuufukua walikuja na yao. Italia iliivamia Libya mwaka 1911, na kuanzia miaka ya 1920 wachimbuaji wake walifanya kazi kubwa Leptis, kwa ustadi na kwa haraka. Serikali ya Mussolini, ambaye alitembelea magofu hayo mwaka 1926, ilitaka picha moja: Roma ilikuwa hapa, Roma imerudi. Tabaka za baadaye ziliondolewa upesi ili marumaru ionekane. Maelezo yale ya mitandaoni niliyoyataja mwanzo yana umri wa miaka mia moja, na wanaoyasambaza leo hawajui nani aliyaandika.

Kabla ya Waitalia walipita wabebaji. Mwishoni mwa karne ya 17 balozi mdogo wa Ufaransa mjini Tripoli, Claude Lemaire, alisafirisha nguzo za Leptis kwa mamia. Kisha mwaka 1816 balozi mdogo wa Uingereza, Hanmer Warrington, akamshawishi mtawala wa Tripoli, Yusuf Karamanli, atoe nguzo zaidi kwa mwanamfalme wa Uingereza. Zilitolewa kama zawadi. Neno hilo tena, na kama ilivyokuwa zamani, mtoaji hakuwa mkamuaji. Nguzo zilifika London, zikakaa miaka bila kujulikana zifanyiwe nini, hadi mbunifu wa mfalme alipozipanga kando ya ziwa la Virginia Water, karibu na Windsor, ziwe gofu la kupendezesha bustani. Zipo hadi leo, watu hutembeza mbwa hapo. Wakaliita Hekalu la Augustus.

Leptis ilikuwa na Hekalu la Roma na Augustus, katika uwanja wa zamani wa mji, lililojengwa miaka 200 kabla ya marumaru ya Severus. Juu ya mlango wake kulikuwa na maandishi yanayoorodhesha sanamu za familia ya Kaisari moja baada ya moja, na kuwataja masufeti wa mwaka ule. Yaliandikwa kwa Kipuniki.